Udongo Mpya Chini ya Nguzo

Akina mama, salamu za kanisani na za msikitini nimeziitikia zote, tusirudie. Mwenyekiti ameniambia nisimame niseme mambo ya daraja, na mimi si msemaji. Nitasema yalivyokuwa, kisha nikae.

Mnalijua lile daraja dogo la kwendea mashambani, upande wa Chara. Shamba langu liko ng'ambo. Ndilo linalotulisha, mimi na wanangu na mama mkwe, kwingine sina. Mafuriko yalipokwisha na mto ukashuka, niliona chini ya nguzo ya kati maji yameacha udongo mpya, mweusi, laini, haujakanyagwa na mtu. Nani kati yenu angeupita? Sisi hupanda nyuma ya maji, ndivyo tulivyolelewa. Nikasema, haya, Mungu amenipa kijishamba bila kuomba. Nikachukua kunde na jembe, nikateremka.

Hatua ya kwanza, tope. Ya pili, sikupata chini. Ndugu zangu, nawaambia, nilizama mpaka kifuani na miguu haijagusa kitu. Nikalilaza jembe juu ya tope, nikalikumbatia, nikapiga ukelele. Juu ya daraja alikuwa akipita mfugaji mmoja, na wiki ile ile tulikuwa tumetukanana kwa sababu ng'ombe wake walikula mahindi yangu. Akanichungulia. Nikajua leo nimekwisha. Lakini alishuka na kamba ya ndama, akanivuta, na hakusema neno ila, "Mama, hata ng'ombe hawanywi hapo."

Tangu siku ile mguu ukakataa daraja. Siumwi, sikuteguka. Ila nikifika mwanzo wa daraja nageuka, narudi. Wengine walisema nimeshikwa na jini la mto, wengine wakasema uvivu tu. Mama mkwe wangu, Mungu ampe umri, akaniuliza, "Mwanangu, na magugu nayo yanaogopa?" Maana ng'ambo magugu yalikuwa yamenifika kiunoni, na nyani wakamaliza mahindi yaliyobaki. Nyumbani tukawa tunakunywa uji mwepesi asubuhi, na jioni uji ule ule. Niliona haya mbele ya wanangu. Haya iliniuma kuliko hofu.

Kisha daraja likafungwa. Akaja injinia, mwanamke, na watu wake, wakataka akina mama wa kujaza mchanga kwenye magunia. Chama chetu kikaenda, nami nikaenda, kwa kuwa mchanga ulikuwa huku huku. Injinia akachukua chuma kirefu, akakisukuma pale pale nilipozama. Kikaingia kama kisu kwenye papai. Wakaunga kingine, nacho kikaingia. Akatueleza kwamba maji ya mafuriko yakigonga nguzo hujipinda, yakachimba shimo miguuni pake. Mto ukishuka shimo hujaa udongo mwepesi, na juu panaonekana pazima. Nguzo inabaki kama jino lililoachwa na ufizi.

Mwishowe chuma kikagota. Nikaketi juu ya magunia nikalia. Kumbe si jini. Kumbe ni shimo, na lina mwisho.

Mawe yakaletwa na malori kutoka mbali, maana kwetu hata jiwe la kumtupia kunguru huokoti. Shimo likajazwa, daraja likafunguliwa. Msidhani nilivuka siku hiyo! Mguu ulikuwa ule ule. Ni nyinyi mliokuja kwangu asubuhi na majembe, mwenyekiti akasema, "Tunakwenda kulima kwako. Ukija, uje. Usipokuja, tutakuletea habari." Nikawafuata nyuma. Katikati ya daraja nikasimama. Mmoja wenu, naona anaangalia chini, naye akasimama, akajifanya anafunga leso. Aliifunga, akaifungua, akaifunga tena, mpaka nikainua mguu.

Asanteni. Mwenye leso, Mungu akulipe. Mfugaji hayuko hapa. Ng'ombe wake bado wanaingia kwangu na bado nawafukuza, ila siku hizi nawafukuza taratibu.

Funzo langu ni dogo. Udongo mpya kando ya nguzo, ingiza mti kwanza. Na mtu akikwambia mguu umekataa, usimcheke, kapime alipokanyaga.

Kile kikapu mlangoni ni kunde za ng'ambo. Nimezivusha mwenyewe. Kila mtu achukue za kupika.