Mwaka Uliochongwa Vibaya kwenye Jiwe la Mahakama

Ndugu waombolezaji, mimi ni Darlene, mjukuu, na familia imenichagua nisome kwa kuwa, walisema, nina digrii ya historia na sina kazi ya kuwahi.

Marehemu Ladislav Kopecek, ambaye sisi wajukuu tulimwita Deda, yaani babu, alizaliwa tarehe 3 Machi 1941 katika shamba la mahindi nje ya mji wetu huu wa Ordell, Nebraska, mtoto wa nne wa mzee Vaclav na mama Albina, akasoma shule ya chumba kimoja hadi darasa la nane, baba yake akamhitaji shambani. Tarehe 1 Juni 1964 aliajiriwa kuitunza mahakama ya kaunti, akawasha tanuru lake, akapiga deki ngazi zake, akaitia ufunguo saa ya mnara wake, miaka arobaini na miwili.

Tarehe 8 Oktoba 1966 alifunga ndoa na Verna Sykora, karani wa mahakama hiyohiyo, wakajaliwa mtoto mmoja, mama yangu Joyce, aliyeketi hapa mbele.

Tarehe 4 Julai 1976, taifa lilipotimiza miaka mia mbili, kaunti ilizika sanduku la shaba mbele ya mlango wa mahakama, kila nyumba ikatia barua, lije kufunguliwa baada ya miaka hamsini. Bibi Verna alitia yake kwa mumewe, akamwambia, "Hii utaisoma ukishakuwa mzee, Laddie, nikuone unavyoona haya." Tarehe 11 Februari 1978 Bibi alifariki ghafla, na Deda hakuoa tena.

Sasa, mwaka ule nambari 76 ilikuwa kwenye kila kikombe na kila kofia, na mkono wa mchonga mawe, kwenye jiwe la kufunika sanduku, badala ya 2026 ukachonga: Lifunguliwe 2076. Watu walicheka, wakasema litarekebishwa, wakaenda kula. Deda alikwenda mbele ya makamishna mara tisa, mara tisa wakamdai karatasi ya kikao kilichoamua miaka hamsini, naye akawajibu ukweli, kwamba karatasi ya kikao waliitia ndani ya sanduku, iwe kumbukumbu.

Januari mwaka huu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, daktari akasema hatafika Julai. Nikaenda mimi kwa makamishna, na mwenyekiti wao Gaylord Rademacher, yule pale safu ya tatu, akanijibu, "Binti, jiwe ndilo linalosema." Nilirudi nimewaka, nikatoa sururu stoo, na Deda akaniita kitandani.

"Ningetaka kuiiba barua ningeiiba zamani, funguo zote nilikuwa nazo mimi. Verna alisema niwe mzee, hakusema niwe mwizi."

Alifariki nyumbani tarehe 19 Mei 2026, zikiwa zimebaki siku arobaini na sita miaka hamsini itimie.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea mikate ya plamu na mabakuli ya viazi, wafanyakazi wenzake wa mahakama, na ofisi ya kaunti, ambayo jana ilituletea mashine yake, ikachimba kaburi hili futi sita kwa dakika ishirini, bila kudai karatasi yoyote. Sanduku liko futi tatu.

Tarehe 4 Julai, saa nne asubuhi, mama na mimi tutasimama kwenye lile jiwe, mikono mitupu, tukingoja.

Deda, ulikuwa mzee wa kutosha. Pumzika sasa, kwa amani.