Ngege Aliyetafunwa

Gari lilipotoka Rodi Kopany, bibi aliyeketi kando yangu alitafuna samaki aina ya ngege, akatema miiba, kisha kile kilicholainika akamlisha mtoto wa abiria asiyemjua. Mama mtu akawaka. "Dani, bibi yangu, umefanya nini! Leo anang'olewa meno mawili kwa mambo haya haya. Vijidudu vya mdomo wako vinahamia kwake, vinajenga utando juu ya meno, vinakula sukari na kutoa asidi inayoyatoboa!"

"Nimelea watoto saba hivi hivi, nyathina, mwanangu. Na hiyo soda mkononi mwake, nimetafuna mimi?"

Mimi mwenye mapengo nilifumba mdomo.

"Soda inavilisha tu. Mnaovileta ni nyinyi watafunaji!"

"Kwa hiyo mate yangu ni sumu?"

Tukasimama kwenye lango la hospitali. Mtoto alikuwa amemgeukia bibi, ameachama kama kifaranga.