Mama Sifuri na Mstari Ulioshushwa

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kumsindikiza, na ninyi pia mliokuja kwa gari la kampuni, historia hii imeandikwa na mume wa marehemu na inasomwa na mdogo wake marehemu, kwa sababu mwandishi ameshauriwa na wengi afunike kombe, na hajiamini kwamba akiwatazama usoni hataongeza mengine yasiyoandikwa hapa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1969, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa pili wa fundi saa na mshona nguo, na kwa maneno ya mama yake, alianza kubisha kabla hajaanza kutembea. Alianza shule ya msingi mwaka 1976, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana, ambako alifukuzwa kwa kumwambia mwalimu wa fizikia kwamba jibu la ubaoni ni kosa, akarudishwa wiki iliyofuata kwa kuwa kweli lilikuwa kosa, na mwaka 1993 akahitimu chuo kikuu katika uhandisi wa elektroniki.

Agosti mwaka huo aliajiriwa na kiwanda cha vifaa vya hospitali, katika maabara ya ghorofa ya pili yenye dirisha moja lisilofunguka, kubuni saketi za mashine za kitandani zinazofuatilia mapigo ya moyo kwa betri moja. Wengi mmesikia akiitwa Mama Sifuri kwa dhihaka, hivyo ni haki mjue jina hilo lilitoka wapi. Moyo hutoa umeme mdogo mno, na ndani ya mashine hiyo kuna amplifaya ya vipimo, yaani chipu inayolinganisha waya mbili zilizobandikwa kifuani na kuikuza tofauti yake, ambayo mara hupanda juu ya sifuri, mara hushuka chini yake. Lakini amplifaya inayolishwa na betri moja haina chochote chini ya sifuri, ina sakafu tu, na mbunifu asipoupandisha mstari wa kuanzia hadi katikati ya nguvu ya betri, kila kinachoshuka hukatwa, na kwa kuwa marehemu hakuchoka kuonya juu ya sifuri hiyo, wenzake wakambandika jina. Binti yake alipouliza, alimchorea mawimbi ukingoni kabisa mwa karatasi, nusu ya kila wimbi ikaangukia kwenye kitambaa cha meza cha mama mkwe, na kwa kitambaa hicho hakusamehewa mpaka leo.

Alifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1994 na mpima ardhi, ambaye ndugu zake walimwonya kwamba anaoa pilipili, naye akawajibu kwamba chakula kisicho na pilipili ni cha wagonjwa. Walijaliwa mtoto mmoja, binti, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1997, na mawifi waliouliza kila mwaka mtoto wa pili yuko wapi walijibiwa na marehemu kwa maneno ambayo mdogo wake amekataa kuyasoma hapa. Ni kawaida kusema marehemu alikuwa mpole na kipenzi cha wote, familia haitasema hivyo, hakuwa mpole, na waliomchukia wapo, wengine wamekaa kwenye viti vizuri.

Mwaka 2016 mkurugenzi wa ufundi, aliye safu ya mbele, na ambaye alifundishwa kazi na marehemu, alitaka kasha jembamba kwa ajili ya maonyesho, akaviondoa vipande vinavyopandisha mstari ule, akaushusha hadi sifuri, kisha akajipima mwenyewe mbele ya wageni, na kwa kuwa mapigo yake huelekea juu na waya zilikaa mahali pake, mchoro ulipendeza, wageni wakapiga makofi. Marehemu alisimama akasema, "Umepima moyo mmoja, mdogo wangu, tena wa mtu mzima asiyeumwa, halafu unawauzia wenye mioyo ya kila namna," naye akamjibu, "Mama Sifuri, hebu kaa, kazi haiendi kwa kununa," watu wakacheka, na mashine zikatoka. Kwa wagonjwa ambao mapigo yao huelekea chini, mashine hizo zilionyesha mstari bapa, kengele ikalia bure, wauguzi wakazoea kuizima, na kengele iliyozoeleka kuzimwa haimwokoi mtu siku inapolia kweli. Alidai zirudishwe zote, akahamishiwa stoo, akaendelea kudai akiwa stoo.

Julai 2021 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akalazwa, na kando ya kitanda chake akaikuta mashine ile ile. Asubuhi moja, mbele ya muuguzi mkuu wa wodi, alibadilisha mwenyewe nafasi za waya mbili za kifuani, jambo ambalo katika mashine isiyo na kasoro huupindua tu mchoro juu chini, mstari ukalala bapa, kengele ikalia, naye akasema, "Dada, kwa mashine hii mimi ni maiti, na maiti anaomba chai, sukari isizidi." Muuguzi alicheka, kisha akaacha kucheka, akajaribu vitanda vingine, akaandikia kiwanda, na mkurugenzi akajibu kwamba mgonjwa huyo amechanganywa na dawa za maumivu. Marehemu aliposomewa jibu hilo aliuliza kama dawa zimeichanganya na mashine pia. Alifariki asubuhi ya tarehe 22 Oktoba 2021, mumewe na binti yake wakiwa wamemshika mikono.

Jana kampuni ilileta aya yake isomwe hapa, inayosema marehemu "alisaidia katika mafanikio ya bidhaa zetu." Hicho ni kilemba cha ukoka, na familia haitamvika mtu asiyeweza tena kukivua.

Familia inawashukuru madaktari, muuguzi mkuu na wenzake, majirani walioleta viti na maji, na wafanyakazi wawili wa maabara waliotia saini malalamiko yake wakijua watakachopata. Wengine wa kiwandani hawashukuriwi.

Kampuni imeomba nafasi ya kuzungumza, nayo imepewa, sasa hivi. Mkurugenzi anaombwa asimsifu marehemu hata kwa neno moja, ataje tu tarehe ambayo mashine zote zitakuwa zimeondolewa wodini, na jeneza halitainuliwa kabla hajaitaja, kwa maana mwenye jeneza amelisubiri jibu hilo miaka mitano, na kusubiri kidogo zaidi hakutamuudhi.

Pumzika wewe, mama wa binti yetu. Sisi bado.