Benchi Letu Halina Wodi

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, mkabala na geti la nyuma la hospitali, lile wanalopitia maiti na wafanyakazi wa zamu. Mimi ndiye mwenye birika. Wananiita Mama Birika, na kazi yangu ni kumimina na kusikiliza. Kuchangia hoja hakuna aliyewahi kuniomba. Wenye benchi siku hizi ni watatu. Kuna Mzee Katiba, karani wa mahakama mstaafu, ambaye hata kupiga chafya anataka pawe na utaratibu. Kuna Injinia, fundi wa redio na pasi, anayeamini kila kitu duniani kina skrubu mahali fulani. Na kuna Mapovu, muosha magari, ambaye hajawahi kuipokea habari akaiacha kama alivyoikuta. Wa nne alikuwa Taratibu, mshona viatu. Jina hilo tulimpa kwa sababu sentensi yake ilianza polepole, na kabla haijafika mwisho mwenzake alikuwa ameshaidandia. Taratibu alifariki juzi, wodi ya magonjwa ya ndani, hapo ng'ambo ya barabara. Mke alishatangulia, watoto hakujaaliwa. Leo nafasi yake kwenye ubao ameikalia kaka yake, seremala, aliyetoka upande wa pili wa mji. Alivua kofia, akaiweka gotini, akaomba kahawa isiyo na sukari.

Seremala: Wanataka jibu leo. Wamfungue au wasimfungue.

Katiba: Akina nani hao?

Seremala: Madaktari wa wodi. Wale vijana wanaosomea ubingwa wa magonjwa ya ndani. Mgonjwa wao amekufa na hawajui kilichomuua. Wanasema siku hizi wamewekewa utaratibu. Mtu akifa hivyo, na ndugu wakiridhia, daktari aliyemtibu anateremka naye mochwari. Anasimama pale na bingwa wa kuchunguza maiti, anaoneshwa.

Mapovu: Anaoneshwa nini?

Seremala: Alichokuwa hakioni, nadhani.

Injinia: Kumbe! Ubingwa wa magonjwa ya ndani, na huko ndani kwenyewe hawajawahi kufika?

Mapovu: Ndiyo maana tunakufa.

Injinia: Lakini ni jambo la kiufundi tu, tusilikuze. Redio ikinifia mkononi, siwezi kumrudishia mwenyewe nikamwambia "pole, muda wake ulifika." Nafungua. Naangalia kilichoungua, ili ijayo isinifie tena. Juzi tu nimeiinamia pasi ya mtu kutwa nzima, mpaka goti langu hili la kulia—

Katiba na Mapovu: Faini!

Hapa lazima nieleze. Zamani benchi hili liligeuka wodi. Huyu kiuno, yule presha, mwingine jino. Wapita njia wakawa wanakunywa wamesimama na kuondoka wameumwa zaidi. Mzee Katiba akapitisha sheria: benchi letu halina wodi, atakayetaja maradhi yake anawanywesha wote. Sheria hiyo imefanya kazi kuliko sheria nyingi ninazozijua. Vicheko vilirudi, wateja wakarudi, na hata sasa Injinia alitoa pesa huku akicheka, nami nikamimina raundi.

Seremala alikitazama kikombe kipya alichowekewa.

Seremala: Hata leo mnatozana?

Katiba: Sheria ni msumeno, ndugu yangu. Hukata mbele na nyuma.

Seremala: Msumeno ninao. Wangu unakata ukisukumwa.

Mapovu: Tusitoke nje ya mada. Mimi nasema hivi: maiti ikifunguliwa, ujue kuna kesi. Nani asiyejua hilo? Polisi wapo nyuma ya jambo hili. Kuna mtu alimwekea Taratibu kitu.

Injinia: Alimwekea wapi?

Mapovu: Kwani alikuwa anakula na kunywa wapi kila siku?

Wote watatu wakaligeukia birika langu. Nikamwambia Mapovu kikombe chake akirudishe kama ana wasiwasi. Akakinywa chote, akajipangusa mdomo.

Mapovu: Sijasema ni hapa. Nimesema lisemwalo lipo.

Injinia: Wewe, sumu gani! Ni gundi. Mtu ameinusa gundi ya viatu maisha yake yote. Mapafu yamegandana kama soli na kisigino. Wakimfungua watakuta pafu moja, na la pili limebanduka.

Katiba: Nyote wawili hamjui mlisemalo. Mimi nimekaa mahakamani miaka. Sikilizeni. Wodi ni mahakama ya mwanzo. Daktari kijana anasikiliza, anahukumu: huyu ni malaria, huyu ni moyo. Anaweza kukosea. Mochwari sasa ni mahakama ya rufaa. Hukumu ya chini inapelekwa juu—

Injinia: Mochwari iko chini, Mzee.

Katiba: Inapelekwa juu hata kama iko chini! Na shahidi wa huko hahongeki wala hababaiki. Wakishamsikiliza, hukumu ya wodi inatenguliwa.

Seremala: Ikishatenguliwa, anafufuka?

Katiba akanywa kahawa. Ni mzee anayejua kukitumia kikombe.

Mapovu: Mimi nawaambia, hatari haiko kwa maiti. Hatari iko kwa sisi. Daktari akishazoea wafu, walio hai atawaweza? Mfu hasumbui. Hakohoi, haulizi dawa inanywewa mara ngapi, halii kwamba chakula hakina chumvi. Kijana akikaa huko miezi, siku anarudi wodini unamwambia "shikamoo daktari" anaanguka kwa mshtuko. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu!

Injinia: Methali hiyo imeingiaje?

Mapovu: Imeingia kwa mlango. Mwalimu ameshindwa kuwafunza, sasa wanafunzwa na wasio na ulimwengu.

Injinia: Mimi ningekuwa mkubwa wa hospitali, ningewatengeneza watu mapema. Zipu. Hapa kifuani mpaka kitovuni. Mtu akija na homa, fungua, tazama, funga. Hakuna kubahatisha, hakuna wa kumsubiri afe.

Mapovu: Na ikikwama je? Zipu ya suruali tu inakutoa jasho.

Walicheka, na mimi nikacheka kidogo. Seremala hakucheka, lakini hakukasirika pia. Alikuwa anaizungusha kofia yake taratibu kwenye goti, kama anatafuta palipoanzia mshono.

Seremala: Jamani, nyinyi mnacheza. Mimi nina shida.

Katiba: Sema, ndugu yetu.

Seremala: Baba yetu alikwenda hivi hivi. Umri huu huu wa mdogo wangu, mchana kweupe, hakuna aliyejua. Tukasema siku yake imefika, tukamzika. Sasa mdogo wangu. Nimebaki mimi, na nyuma yangu nina watoto wa kiume. Nikisema hapana, kesho namzika akiwa kamili, na nitaendelea kujipapasa usiku nikijiuliza ni kitu gani. Nikisema ndiyo, shangazi yetu atanisimamisha mbele ya watu aniulize kwa nini nimemtoa ndugu yangu wa tumbo moja akawe somo la wanafunzi. Nimjibu nini?

Hapo hata Mapovu alikiweka kikombe chini. Nikaona afadhali nitie maji kwenye birika, lakini makaa yalikuwa yamekwisha na kilichobaki ndani kilikuwa kidogo.

Katiba: Kwa kweli, na nisamehewe kumsema marehemu, kosa lilikuwa lake. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Taratibu alikuwa msiri. Tumekaa naye hapa kila siku ya Mungu, hakutuambia neno.

Injinia: Alikuwa mzito wa kusema, hilo kweli.

Mapovu: Msiri sana. Watu wapole ndivyo walivyo.

Seremala: Kwangu hakuwa msiri. Ila nilikuwa naonana naye mara moja moja, na kazi zangu.

Ndipo daktari akavuka barabara. Binti mwembamba, koti jeupe amelikunja mkononi, miguuni viatu vya wodini vinavyopiga kelele kwenye lami. Alitusalimu shikamooni, tukaitika, akaomba kahawa na kubaki amesimama.

Daktari: Baba, nilikuwa nakutafuta. Wameniambia umekaa huku. Sijaja kukuharakisha.

Seremala: Huyu ndiye aliyemtibu mdogo wangu.

Mapovu: Daktari, tuambie ukweli sisi watu wazima. Kuna kesi?

Daktari: Hakuna kesi. Tungeona dalili ya kupigwa, au sumu, tungesimama hapo hapo tuwaachie polisi na daktari wao. Hilo nalo tunafundishwa, kujua pa kusimama. Huyu aliletwa na ugonjwa.

Mapovu alionekana kuvunjika moyo.

Injinia: Na kisu unashika wewe?

Daktari: Anashika bingwa. Mimi nasimama pembeni ya meza, nasema nilidhani ni nini alipokuwa hai. Halafu naangalia ilikuwa nini.

Katiba: Mbele ya wenzako?

Daktari: Mbele ya wenzangu. Mara ya kwanza niliomba kutoka nje.

Seremala: Mtamrudisha alivyokuwa?

Daktari: Atashonwa, ataoshwa. Ukishamvisha shati hutaona kitu.

Alipuliza kahawa yake lakini hakuinywa. Mimi namjua mtu aliyenunua kahawa ili apate cha kushika.

Daktari: Baba, hata ukikataa, kuna jambo nilitaka nikuulize. Ndugu yako alifika akiwa hana kauli. Nimemtibu bila kuisikia sauti yake. Na ukikubali, bingwa hagusi kitu kabla hajaniuliza: mgonjwa wako alikuwa analalamika nini? Jibu hilo ndilo linalotuonesha pa kuangalia kwa makini zaidi. Sina la kumjibu. Kabla hajaanguka, alikuwa anasema anaumwa wapi?

Seremala: Mwanangu, mimi naishi mbali. Waulize hawa. Hawa ndio walikuwa naye asubuhi mpaka jioni.

Daktari akatugeukia. Uso wake ulifunguka kabisa, kama wa mtu aliyeelekezwa nyumba baada ya kupotea.

Daktari: Kumbe! Afadhali. Basi nisaidieni. Alikuwa anaumwa wapi?

Mkono wa Injinia ukaenda kifuani. Wa Mapovu ukaenda tumboni. Wakatazamana, kila mmoja akaushusha wake polepole.

Daktari: Ni kifua au ni tumbo?

Injinia: Mimi nilidhani… kwa sababu ya gundi.

Daktari: Sikuulizi ulidhani nini, kaka. Kudhani nimeshadhani mimi. Yupi kati yenu alimsikia akisema?

Gari la wagonjwa likaingia getini, geti likafungwa.

Katiba: Alianza kusema. Siku moja ya mvua, tulikuwa tumejibana hapa chini ya turubai.

Daktari: Alisemaje?

Katiba: Alisema, "Jamani, mimi huku…"

Daktari: Huku wapi?

Mzee Katiba alifungua mdomo. Nimemjua mzee huyu muda mrefu, ana jibu la kila kitu, hata la mambo ambayo hayajaulizwa. Sasa akakitazama kikombe chake.

Katiba: Hapo tulimkatiza.

Daktari: Kwa nini?

Hakuna aliyemweleza binti wa watu sheria yetu. Ungeanzia wapi? Siku ile tulipiga kelele "Faini!" kwa sauti moja, Taratibu akacheka na sisi, akatoa pesa, nikamimina. Kahawa ilisifiwa. Baadaye alijaribu tena, nadhani, maana alilipa tena. Halafu hakujaribu.

Seremala alikuwa anamtazama Katiba, kisha kikombe alichomiminiwa kwa faini ya Injinia, kilichojaa bado, kimepoa. Akaelewa; niliona alivyoelewa. Akakiweka chini kwenye tofali bila kukigonga. Akavaa kofia.

Seremala: Twende, mwanangu.

Daktari: Umeamua, baba?

Seremala: Hapa hakuna anayejua. Mkamuulize mwenyewe.

Alipiga hatua, akasimama.

Seremala: Na mumwache aseme mpaka mwisho. Halafu mumshone vizuri. Mshono mbaya alikuwa hausamehe.

Walivuka pamoja, binti amemshika seremala kiwiko kwa sababu ya magari. Geti dogo likafunguliwa, wakaingia.

Mapovu alikuwa anakuna povu lililokaukia kwenye kucha zake. Injinia alikuwa ameshika goti lake la kulia na hakuna aliyemwangalia. Nikainamisha birika kwenye kikombe cha Katiba, likatoa matone, likaisha.

Katiba: Mimi mkono huu wa kushoto unakufa ganzi. Asubuhi, nikiamka.

Mapovu aliinua kichwa, mdomo umeshafunguka kwa mazoea, neno liko ulimini. Akalimeza.

Injinia akasogea karibu kwenye ubao, mpaka pale alipokuwa akikaa Taratibu.

Injinia: Tangu lini, Mzee?