Cheche na Vita vya Mabakuli ya Visu

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuchomelea, kunyoosha na kubishana, fundi wetu Cheche anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Kazi mbili za kwanza alilipwa. Ya tatu aliifanya kwa mapenzi yake, na mimi mtunza stoo, niliyekaa naye ukuta kwa ukuta, ni shahidi.

Aliingia idara yetu ya viwanja na bustani akiwa mfagiaji wa karakana. Haikuchukua muda akashika mashine ya kuchomelea, cheche zikamtoboa mashati yote, na jina likapatikana. Geti la uwanja mkubwa ni kazi ya mikono yake. Mabenchi ya bustanini pia ni yake, isipokuwa lile linaloyumba, ambalo anashikilia kwamba lilitengenezwa na mtu mwingine.

Lakini kilichomvumisha ni mabakuli. Kwa asiyejua, chini ya mashine ya kukatia nyasi, ile unayoiendesha umekaa, kuna bakuli la chuma linalofunika visu. Yapo ya namna mbili. La kubonyezwa hutokana na bati moja lililokandamizwa kiwandani hadi likapata umbo: jepesi, la mviringo, nyasi huzunguka ndani na kutoka bila taabu, ila likigonga jiwe linabonyea. La kuchomelea huungwa kwa vipande vya bamba nene: zito, gumu, likitoboka linazibwa, ila nyasi mbichi hujazana kwenye pembe zake. Cheche alikuwa upande wa kuchomelea. Ulitarajia nini kwa mchomeleaji?

Upande wa pili alisimama dereva wa mashine, kaka wa mkewe, ambaye karakana nzima tunamwita Shemeji, hata sisi tusiooa kwao. Huyu alikuwa mtu wa kubonyezwa tu. Walibishana kwenye chai, wakabishana kwenye sherehe za familia, na Shemeji alipolazwa kwa homa, Cheche alikwenda kumjulia hali na kipande cha bamba mfukoni.

Utani uliisha mwaka ule mkuu wa idara alipotangaza kwamba atanunua mashine mpya za aina moja. Zikiwa za kubonyezwa, alisema, bakuli likiharibika litang'olewa na kuwekwa jipya, na karakana ya kuchomelea itafungwa. Cheche aliingiwa na hofu ya kweli. Alikuwa na watoto shuleni na hakujua kazi nyingine. Akaomba mashine mbili zishindanishwe uwanjani, na mkuu akakubali.

Siku ya shindano nyasi zilikuwa zimelowa mvua. Shemeji akapanda mashine yenye bakuli la kubonyezwa, Cheche akapanda yenye la kuchomelea. Tukasubiri bakuli la Cheche lizibe, lakini wapi. Shemeji naye akagonga kisiki kwa kishindo kilichotufumbisha macho, na bakuli lake halikubonyea hata kidogo. Mkuu wa idara si mtu wa kudanganyika kirahisi. Akaamuru mashine zote mbili ziinuliwe.

Ndani ya bakuli la Cheche, kila pembe ilikuwa imefunikwa kwa bamba lililokunjwa, mviringo safi. Yaani alikuwa ameiba umbo la adui! Kumbe ndiyo maana alikuwa akibaki karakana baada ya kazi akidai anapanga vyuma. Na ndani ya bakuli la Shemeji, ukingo wote ulikuwa umezungushiwa ukanda wa bamba nene, tena wa kuchomelea.

Tulicheka hadi tukakaa kwenye nyasi mbichi. Cheche peke yake hakucheka. Alijua kwamba Shemeji hajui kuchomelea hata kijiko. Alipiga magoti, akapitisha kidole taratibu juu ya mshono, kisha akamgeukia mkuu.

“Mshono huu ni wa nyumbani kwangu,” alisema.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mkewe, ambaye Cheche mwenyewe alimfundisha ili wasaidiane kutengeneza madirisha ya majirani, ndiye aliyemfanyia kaka yake kazi ile, huku mumewe akikunja mabamba kwa siri huku karakana. Alipoulizwa baadaye, alijibu kwamba kaka yake alikuja kuomba msaada, mumewe hakuomba.

Mkuu akasema mashine zote mbili zimeokolewa na kuchomelea, kwa hiyo hana sababu ya kufunga karakana. Akanunua za aina zote mbili. Kisha akataka kumwona mwenye mshono ule, na haukupita muda mama huyo akaajiriwa, akawa na meza yake karakanani kando ya dirisha. Cheche alinuna hadi chakula cha mchana. Baada ya hapo kila mgeni aliyeingia alipelekwa kuonyeshwa mishono ya mkewe, na fahari ilimjaa usoni asiweze kuificha.

Cheche, asante kwa kazi, kwa kicheko na kwa ubishi. Tutakukumbuka sana, stoo itakuwa kimya, na mimi ukimya huo sitaupenda. Tunakuombea afya njema na usingizi mtamu wa mchana. Karakana uliyohofia itafungwa itafunguliwa Jumatatu asubuhi kama kawaida, na fundi wake mkuu mpya, yaani mkeo, anaomba uamke mapema umchemshie chai.