Utasikia Kwenye Video

Mbinga inalima kahawa na kunywa chai. Anayebisha akaulize jikoni kwake. Ndiyo maana benchi la Agripina, muuza kahawa, lililoegemea ukuta wa kibanda cha Othmar nyuma kidogo ya stendi, lilikuwa na watu walewale kila asubuhi. Alikuwepo Cleopa, karani mstaafu wa ushirika, aliyeitwa Kwa Mujibu kwa sababu hakuna neno lililomtoka bila kuwa kwa mujibu wa kitu fulani. Alikuwepo Xavery wa bodaboda, Bila Breki. Pikipiki yake inazo, mdomo ndio hauna. Na alikuwepo Othmar mwenyewe, Studio, mpiga video za harusi tangu enzi za mikanda, ambaye siku hiyo alikuwa ametoa nje meza, laptopu kuukuu na kamera, akavipanga mbele ya birika kama mganga anayetandika mkoba wake. Ukungu ulikuwa haujatoka barabarani, na Agripina alikuwa amejifunga kitenge cha pili juu ya sweta.

— Leo inaingia, Studio akasema. Aliinua kadi nyembamba ya bati, iliyofika jana yake kwa basi la Dar. — Hii inakaa hapa ubavuni mwa laptopu. Waya unatoka kwenye kadi, unaingia kwenye kamera. Wimbo unatoka.

— Ulisema hivyo Pasaka, Agripina akamjibu. — Pasaka ya mwaka gani, ndiyo sikumbuki.

— Pasaka sikuwa na kadi, Mama Kilian.

— Ulikuwa na mdomo.

Agripina hakuwa na shida na video nzima. Keki aliiona siku yenyewe, na maharusi aliwaona hadi walivyozeeka. Alikuwa na shida na ubeti mmoja.

Harusi ilikuwa ya Recho, binti wa dada yake Asteria, kule Lituhi ziwani. Agripina, mama mdogo wa bibi harusi, alikuwa nyuma ya nyumba na masufuria, maana ndiko mama mdogo mwenye mikono anakowekwa. Mbele uwanjani wanawake walikuwa wanacheza kioda, na Asteria ndiye aliyeimbisha. Ukoo wao haurithishani mashamba, unarithishana ulimi, na Asteria alichukua fungu la mkubwa. Katikati ya ngoma Agripina akasikia jina lake, kisha uwanja mzima ukaangua kicheko. Akatoka na mwiko mkononi: “Amesemaje?” Shemeji akasema amesifiwa samaki. Katekista akasema hapana, ameambiwa ameolewa na baridi ya mlimani, amechimba mashimo ya ngolo shambani kwa Wamatengo hadi amesahau kuogelea. Mwanamke mmoja wa kijiji cha Kihagara akasema wote hao hawana masikio: ameambiwa arudi nyumbani, kitanda chake bado kimetandikwa. Recho hakusikia kitu, alikuwa analia kama inavyompasa bibi harusi. Asteria mwenyewe, alipoulizwa, alicheka akajishika kiuno.

“Utasikia kwenye video,” alisema.

Video haikutoka. Kompyuta ya Studio ya wakati ule ilikufa. Kamera ikaanguka mchangani wakati wa kushuka kwenye boti. Kioo chake kikafa, spika ikafa, na matundu yake yote ya waya yakala mchanga isipokuwa moja, hilo la kuungana na kadi. Halafu Asteria naye akafa, na jibu lake mdomoni.

Tangu hapo Agripina alikuwa akikaanga kahawa huku akichagua. Siku za jua alichagua samaki. Siku akiamka na hasira alichagua mashimo ya ngolo, akamjibu marehemu kwa Kinyasa peke yake jikoni, akamshinda. Siku za mvua alichagua kitanda.

— Lakini Studio, wewe si ulikuwa pale pale mbele yake, Bila Breki akasema. — Ulikuwa umeziba masikio?

— Mimi Mmatengo. Kinyasa najua salamu na bei ya usipa, dagaa wao. Halafu ukiwa kazini jicho likibanwa kwenye kamera, sikio linafunga lenyewe.

Akaisukuma kadi. Ikaingia. Laptopu ikalia *tii*, na wote wanne wakainama mezani vichwa vikagongana.

— Inasemaje? Agripina akauliza.

Studio alisoma, akasoma tena, akajikuna shingo.

— Inasema kifaa hakitambuliki.

Benchi likakaa chini.

— Haijasajiliwa hiyo, Bila Breki akasema. — Kadi siku hizi bila alama za vidole haishiki popote.

— Hiyo ni laini ya simu, Xavery. Hii ni kadi ya kompyuta.

— Laini siyo kadi? Mpigie aliyekuuzia, aje aweke dole. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini kinasajili.

Kwa Mujibu akakohoa. Alikuwa na kikohozi maalumu cha kufungulia kikao.

— Studio, hiyo kadi inaitwaje jina lake kamili?

— Fayawaya.

— Mmesikia wenyewe. Faya! Kwa mujibu wa sheria, chochote cha faya lazima kikaguliwe na zimamoto. Ghala letu la ushirika lilikuwa na mtungi mwekundu mlangoni. Bila mtungi ule gunia halitoki. Hapa mtungi uko wapi?

— Wa kuzimia nini, mzee? Studio akauliza. — Wimbo?

— Mtungi wenu uliwahi kuzima nini? Agripina akamuuliza.

— Haukuwahi hata kuguswa. Ndiyo maana ghala halikuungua.

Studio alichomoa kadi, akaipuliza, akaifuta kwa pindo la shati, akairudisha. *Tii.* Hakitambuliki. Akageuza waya, kichwa kwa mkia, akakumbuka kwamba vichwa vyake havifanani, akaugeuza tena. Akazima laptopu yote, akaiwasha upya. Ilikuwa inawaka kwa mwendo wa mzee anayetafuta viatu, kwa hiyo Agripina akamimina duru ya pili.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, Kwa Mujibu akaendelea. — Hilo tundu la ubavuni limekaa wazi miaka yote. Umeingia upepo. Laptopu ina kichomi.

— Siyo kichomi, ni lugha, Studio mwenyewe akasema, maana mtu akishindwa kazi yake huanza kuamini ya benchi. — Laptopu inajua Kiingereza. Mkanda una Kinyasa. Ukisemeshwa lugha usiyoijua unasemaje? Unasema simtambui huyu.

Hilo Agripina hakulicheka. Alipoletwa Mbinga kuolewa, mama mkwe wake alimtazama hivyohivyo misimu miwili ya kahawa: kifaa hakitambuliki. Akisalimia, kimya. Akipika samaki, wanakula ugali mkavu. Ni Asteria aliyepanda mlima siku moja na kapu la mbasa waliokaushwa, akaketi katikati ya uwanja wa wakwe, akaongea Kinyasa tangu asubuhi hadi jioni bila kujali nani anaelewa. Alipoondoka, mama mkwe alisema, “Kumbe huyu ana watu.” Kuanzia hapo samaki wakaliwa.

— Nyote mmepotea, Bila Breki akasema. — Ni baridi. Huo mkanda umezaliwa Lituhi, kwenye joto. Huku kwenu hata usipa akiletwa mbichi hakauki, anaota ukungu. Sauti imeganda humo ndani! Nipeni laptopu, nipeni kamera, nipeni Bibi, niwafunge wote kwenye pikipiki. Tunashuka kona kwa kona. Tukifika chini jua likaupiga mkanda, marehemu anaimba kabla sijazima injini.

Benchi likasubiri Agripina amrarue. Kwa mawazo Agripina hakuwa tena Mbinga. Alikuwa ameshafika kona ile ya mwisho, pale ambapo ziwa linatokea chini ghafla, kubwa, kama mtu aliyekuwa amejificha akisubiri kukushtua. Alikuwa amesikia hewa ikibadilika shingoni. Alikuwa ameshafungua kitenge cha pili, na sweta, na alikuwa anaanza kusikia harufu ya usipa wakianikwa kwenye vichanja. Miguu yake, iliyokuwa ndani ya soksi mbili, ilikumbuka mchanga.

— Na birika ataangalia nani? akasema mwishowe.

— Wewe Bibi sema twende tu.

— Nikienda nakwenda kwa nani, Xavery? Nyumba ya dada wanakaa wapangaji.

Laptopu ilikuwa imewaka. Studio alichomeka kadi taratibu kama anayemlisha mgonjwa. *Tii.*

— Basi, Bila Breki akasema, na hapo ndipo alipokosa breki kwelikweli. — Mimi nasema ukweli. Siyo kadi. Marehemu mwenyewe ndiye hataki. Alimtukana mdogo wake hadharani, sasa anaona aibu kutoka.

Agripina aliweka birika chini kwenye jiko lake la mkaa, akalinyoosha hadi mdomo wake ukatazama barabara, akajifuta mikono.

— Asteria aone aibu? akasema polepole. — Siku ya msiba wa baba yetu aliimba akimsema padri, padri akiwepo, na padri akaitikia. Huyo aone aibu mbele yako wewe, uliyesahau abiria stendi ya Mbamba Bay?

— Alishuka mwenyewe, Bibi.

— Kunywa kahawa yako. Mdomo uliojaa hausemi.

Ndipo alipokuja mgeni. Alikuwa mwanamke wa makamo, amejitanda ushungi, amevaa koti zito jipya la mtu aliyeonywa juu ya baridi akaonywa kupita kiasi.

— Hamjambo jamani. Shikamoo mama.

— Marahaba mwanangu. Umetokea wapi na koti hilo?

— Pangani. Naitwa Mwanabibi, muuguzi, nimehamishiwa huku juzi. Nimesikia harufu ya kahawa nikaifuata. Kashata hakuna?

— Kashata hakuna. Kuna maneno, Agripina akasema, akammiminia.

Mwanabibi alikunywa, akafumba macho, akashukuru. Akasogea kwenye nafasi aliyopishwa na Kwa Mujibu, akaelezwa yote na watu watatu kwa pamoja: kadi, faya, vidole, baridi, lugha, Lituhi, ubeti. Alisikiliza vizuri. Halafu akaitazama ile kamera, akainyooshea kidole nyuma, kwenye raba nyeusi ya kuwekea jicho.

— Na hapa mmechungulia?

Bila Breki alimtazama Kwa Mujibu. Kwa Mujibu alimtazama Studio. Studio alikuwa anafunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

— Othmar, Agripina akasema. Hakumwita Studio. — Hapo panaonyesha?

— Panaonyesha, Mama Kilian.

— Siku zote hizi?

— Picha tu. Sauti hakuna kabisa, sauti ilikufa na spika. Akainua uso. — Wewe uliniambia unataka maneno. Kila ukija hapa unauliza maneno. Nikuonyeshe mtu anafumbua mdomo tu bila sauti? Ningekuwa nimekupa nini? Ndiyo nikasema nitafute kadi kwanza, nikupe kitu kizima.

Agripina alikuwa na mengi ya kumwambia, na mengine yalikuwa mazuri sana. Akayaacha.

— Weka, akasema.

Studio aliuchomoa waya wa kadi, akaurudisha mkanda nyuma. Kamera ililia kama mbu. Alichungulia yeye kwanza, akausogeza mbele, akausogeza nyuma kidogo, kisha akamwekea Agripina kamera mikononi kwa uangalifu, akamwonyesha pa kuweka jicho.

Asteria alikuwemo. Mdogo, kama usipa, mwenye gauni jeupe la kioda na kitambaa mkononi, lakini alikuwa yeye, na bega lile la kushoto lililotangulia ngoma siku zote. Wanawake nyuma yake waliinama na kuinuka pamoja. Hakuna kilichosikika isipokuwa mbu wa mkanda na pikipiki za stendi. Asteria alizunguka, akasimama. Akageuza uso, akaelekeza kidevu upande, nyuma ya nyumba, na pale pembeni ya picha Agripina akaona moshi ukipanda.

Ulikuwa moshi wake mwenyewe. Alikuwepo. Alikuwa hapo nyuma ya ukuta, hajamaliza hata kukaanga samaki wa wakwe.

Mdomo wa Asteria ukafunguka. Jina alilijua, jina lilionekana, mtu huliona jina lake hata kwenye mdomo mdogo vile. Yaliyofuata jina yalikwenda haraka. Wanawake wote wakaangua kicheko, mmoja akaangukia mwenzake. Asteria hakucheka. Aliendelea kutazama ule moshi, kitambaa kikiwa kimeinuliwa, akisubiri, kama mtu aliyeita mlangoni.

Kisha ngoma ikamchukua.

— Umemwona? Bila Breki akanong'ona.

— Anafananaje? akauliza Kwa Mujibu.

Agripina hakuitoa kamera jichoni. Mwanabibi alisogea karibu, akaweka mkono mgongoni mwake, juu ya kitenge, juu ya sweta, akauliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza:

— Anasemaje, mama?

Studio aliangalia kadi yake. Kwa Mujibu hakuwa na sheria yoyote ya hapo. Bila Breki alifungua mdomo, akaufunga, ikawa ndiyo mara yake ya kwanza.

— Anasema kahawa imekwisha, Agripina akasema, jicho bado tunduni. — Nendeni makwenu.

Birika lilikuwa na nusu nzima, likifuka juu ya mkaa, kila mtu akiliona. Wakaweka vikombe kwenye beseni, mmoja mmoja, wakaaga kwa sauti ndogo, wakaondoka.