Mama Mafaili, Aliyechomoa Waya

Wafiwa wenzetu, majirani, na ninyi mliotoka kazini mkaja hivyo hivyo na sare zenu, familia inaomba mkae, walio juani wasogee kwenye turubai, kwa sababu maisha ya huyu ndugu yetu hayasomeki kwa dakika tano, na haya mtakayoyasikia yameandikwa na dada yake mkubwa kwa mkono wake, kutoka kwenye vyeti na barua ambazo marehemu aliziacha ndani ya bahasha moja, na kila tarehe imehakikiwa mara mbili.

Marehemu alizaliwa Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1971, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yake, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi seremala na mkewe muuza mkaa, na tangu akiwa na miaka sita yeye ndiye aliyekuwa anajua msumari gani uko kopo gani, mpaka baba akawa anawakataza wateja kugusa makopo yake, anawaambia wasubiri mwenye ghala arudi shule.

Shule ya msingi alisoma kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, na sekondari mwaka 1986 hadi 1989, ambako alimaliza akiwa wa sita katika darasa la watu arobaini na mmoja, na chuo angeenda, uwezo wa kichwa alikuwa nao, lakini mwaka huo baba alianguka kutoka juu ya paa akavunjika nyonga, na nyumba ikahitaji mtu wa kuleta chochote, basi akakunja cheti chake akaanza kutafuta kazi.

Kazi aliipata Jumatatu, tarehe 4 Mei 1992, katika hospitali hii yetu, akiwa karani wa chumba cha mafaili, chumba chenye dirisha moja na rafu za mbao kutoka sakafuni hadi darini, na wengi mlioko hapa mnamkumbuka, mgonjwa hajafika dirishani yeye ameshanyanyuka, anarudi na faili mkononi anamwuliza na yule mtoto mwingine kifua kimepona, na ndiyo maana watu wakamwita Mama Mafaili kabla hata hajazaa.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 17 Desemba 1994, na fundi wa majokofu, ambaye aliitwa hospitali kutengeneza jokofu la chanjo, jokofu likapona siku ile ile, lakini fundi akaendelea kulitengeneza kwa wiki tatu, na jokofu hilo lilikuwa linatazamana na mlango wa chumba cha mafaili. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 6 Juni 1996, na kijana aliyezaliwa tarehe 23 Oktoba 2001, wote wako hapa mbele yenu.

Mwaka 2013 kompyuta zilifika hospitali, na makarani wenzake wakalia kwamba kazi imekwisha, yeye hakulia, alikwenda kwenye duka la kuchapa barua kule sokoni, akaomba afundishwe kila Jumamosi na yeye awafagilie duka, na ndani ya mwaka mmoja daktari akikwama anamwita Mama Mafaili, famasi wakikwama wanamwita Mama Mafaili, bila cheo, bila barua ya kuteuliwa, aliitwa tu mtu wa kompyuta kama mtu anavyoitwa mtu wa maji. Na kuanzia Juni 2014, kila Jumapili jioni, alimfundisha dada yake mkubwa kusoma, kwa kuandika herufi nyuma ya majalada yaliyotupwa, kwa sababu dada huyo aliacha shule darasa la pili ili awabebe wadogo zake.

Sasa tunafika kwenye sehemu ambayo baadhi ya watu waliomba isisomwe, familia ikakaa, ikaona isomwe.

Katika hospitali ile watu wote walikuwa wanatumia paswedi moja, kuanzia daktari mkuu mpaka mpokea wagonjwa, sababu ikiwa kwamba zamu zinabadilishana na mtu hana muda wa kukumbuka, na hiyo paswedi iliandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha plasta ya vidonda, kikabandikwa ukutani maabara ili kila anayepita aione, na marehemu alikibandua mara tatu, na mara tatu kikarudi, plasta hospitali haziishi. Tarehe 11 Februari 2019 aliandika barua ya kwanza, na nakala yake tunayo, akisema kwamba wahalifu wa mtandaoni siku hizi hawachagui, wanafunga hospitali kama wanavyofunga viwanda, na kwamba yeye ni karani aliyejifunza sokoni, si mtaalamu wa ulinzi, kwa hiyo ama asomeshwe, ama aajiriwe mtu aliyesomea. Aliandika ya pili mwaka 2020 na ya tatu mwaka 2021, na jibu lililokuja halikuwa la karatasi, lilikuwa la mkutanoni, ambako daktari mkuu alimwuliza mbele ya watu wote, "Mama Mafaili, hapa kwani ni benki, mwizi atakuja kuiba malaria?", watu wakacheka, na yeye akasubiri wamalize kucheka ndipo akasema, "Haibi malaria, daktari, anafunga mlango wa dawa halafu anakaa na ufunguo."

Septemba 2021 ikaja nafasi moja ya mafunzo ya wiki mbili ya usalama wa mitandao, marehemu akaazima begi kwa dada yake, akapiga pasi nguo zake, na siku mbili kabla ya safari akaambiwa nafasi amepewa mtunza stoo, ambaye ni shemeji yake daktari mkuu, ameoa dada wa daktari. Shemeji huyo alikwenda, akarudi na kofia, na mkoba wenye zipu mbili, na cheti ambacho mpaka leo kimetundikwa pale stoo, na marehemu alipomfuata kwa unyenyekevu, akamwomba amweleze walau walichofundishwa siku ya kwanza, alijibiwa, "Dada, tulifundishwa mengi, yakitokea nitayakumbuka."

Yalitokea Jumanne, tarehe 15 Machi 2022, saa nne na dakika ishirini asubuhi, wakati barua pepe ilipoingia kwa daktari mkuu, imeandikwa juu yake kwamba ni orodha ya waliopandishwa vyeo, na ninyi wafanyakazi mnajua, mlikuwa na miaka saba hamjapandishwa, kwa hiyo waliomtumia walijua njaa yenu kuliko mabosi wenu. Kompyuta ikamwomba paswedi, daktari hakuikumbuka, akafungua mlango akapaza sauti kwa mtu wa maabara amsomee ile ya kwenye plasta, akasomewa herufi moja moja, na korido nzima ikajaa watu wanaosubiri kusikia majina yao. Orodha haikufunguka. Kilichofunguka ni maandishi mekundu kwamba kila kitu kimefungwa na ufunguo unauzwa, yakaruka kutoka kompyuta ile hadi ya famasi, kutoka famasi hadi maabara, na marehemu alipoyaona famasi hakuuliza mtu, alikimbia, mwanamke wa miaka hamsini na ushee, akaingia wodi ya wazazi akachomoa waya, akaingia benki ya damu akachomoa waya, akapanda kiti akang'oa kile kiboksi kinachogawa mtandao kikatoka na plasta ya ukuta, huku shemeji wa stoo akimfuata nyuma akimwambia, "Mama, usiguse mali ya serikali, subiri utaratibu."

Kompyuta ya wodi ya wazazi ilipona na ya benki ya damu ilipona, nyingine zote zikafa, na kwa wiki kumi na moja manesi waliandika dawa nyuma ya kalenda, na wagonjwa waliotibiwa hapo miaka ishirini wakaulizwa upya majina yao. Tarehe 28 Machi 2022 marehemu alipokea barua, na hii barua dada yake ameisoma mstari kwa mstari, inasema kwamba anasimamishwa kazi kwa kuharibu vifaa na kusababisha kukatika kwa mfumo, na kwamba asionekane katika eneo la hospitali mpaka atakapoitwa. Hakuitwa.

Sasa ugonjwa. Marehemu alihisi uvimbe kwenye titi mwezi Januari 2022, na tarehe 3 Machi alitolewa kinyama cha kupimwa hapo hapo hospitalini kwake, majibu yakaingizwa kwenye kompyuta tarehe 11 Machi, na kabla hajaitwa kusomewa yakafungwa pamoja na mengine yote, na daftari la maabara, ambalo zamani lingekuwa na jibu lake kwa wino, lilikuwa limeondolewa kwa amri ili wageni wakija waone hospitali ya kisasa. Aliambiwa asubiri mfumo ufunguke. Aprili alikwenda mwenyewe, mlinzi akamzuia getini, akasoma jina lake kwenye karatasi, akamwambia, "Mama yangu, nimeagizwa usikanyage," naye akamjibu, "Aliyekatazwa ni mfanyakazi, mwanangu, leo nimekuja mgonjwa," na yule mlinzi, ambaye yuko hapa na familia haina neno naye, alimshika mkono akampitisha mlango wa wagonjwa. Lakini kipimo kilibidi kirudiwe mwanzo, zamu yake ikafika tarehe 19 Julai, na majibu yaliporudi saratani ilikuwa tayari imefika kwenye ini.

Alitibiwa kwa mwaka mmoja na nusu, mumewe akiuza vifaa vyake vya kazi kimoja kimoja. Novemba 2023 alikuja nyumbani binti mmoja, mtaalamu wa kweli, mmoja wa wale watatu waliotumwa kuchunguza hospitali baada ya tukio, akaleta nakala ya ripoti ambayo walikuwa wameikabidhi kwa uongozi tangu tarehe 2 Juni 2022, akasema amechoka kusubiri itolewe kwenye droo. Marehemu macho yalikuwa yamechoka kwa dawa, hivyo alisomewa na dada yake, polepole, kidole juu ya mstari, ukurasa wa saba, unaosema kwamba mlango ulifunguliwa na kompyuta ya daktari mkuu, na kwamba mfanyakazi aliyechomoa waya ndiye aliyeokoa kumbukumbu za wajawazito na za damu, na kwamba laiti mfanyakazi huyo angepewa mafunzo aliyoyaomba, madhara yangeishia kwenye chumba kimoja. Akasema, "Hebu rudia hapo." Akarudiwa mara nne, akageukia ukutani, akasema, "Kumbe walijua tangu Juni."

Marehemu alifariki Ijumaa, tarehe 9 Februari 2024, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka hamsini na miwili, mume wake na watoto wake wakiwa pembeni.

Familia inawashukuru madaktari wa wodi namba nne, hasa yule mdogo aliyekuwa anaandika kila kitu mara mbili, kwenye kompyuta na kwenye daftari lake. Inawashukuru majirani waliopika, waliochota maji, waliokesha. Inawashukuru wafanyakazi wenzake waliokuja kumwona akiwa mgonjwa, walikuwa watatu, wanajijua.

Uongozi wa hospitali tunaushukuru kwa turubai na viti hamsini, na kwa karatasi mliyotuletea jana mkiomba isomwe hapa, inayosema marehemu alikuwa mtaalamu wenu mpendwa wa usalama wa kompyuta. Karatasi hiyo tumeisoma tukaikunja, kwa sababu mtaalamu hasimamishwi kazi kwa kuzima moto, na mpaka tunamwinua leo ile barua ya tarehe 28 Machi haijafutwa, na kwenye kiti chake amekaa shemeji, na plasta, tunaambiwa na watu wa maabara, imebandikwa nyingine. Hatuombi rambirambi kutoka kwenu. Tunaomba barua, yenye muhuri na sahihi, inayosema hakuharibu kitu, na nakala moja iwekwe ndani ya faili lake la utumishi, mahali ambapo karani yeyote atakayekuja ataikuta. Kijana wake atakuja kuifuata Jumatatu asubuhi, na Jumatatu inayofuata, na inayofuata.

Nenda ukapumzike, mdogo wetu, na amani waliyokunyima getini uikute huko uendako.